Mdomo Uliokaa Mguuni

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Bweni la Nyuma, mbele ya mashahidi wenye akili timamu na wengine wa bweni hilohilo, natangaza kwa umma wote kwamba mimi, niitwaye Redio, ndiye Mkuu wa Sauti Zote Zisizo na Mwenyewe. Naweza kuiga mlango wa jiko la shule, jenereta linapokata roho, na kikohozi cha mkuu wa shule kabla hajatamka habari mbaya. Wadhifa huu niliutumikia kwa uadilifu mkubwa hadi jioni niliyoiga pikipiki ya mwalimu wa zamu wakati wa kujisomea. Darasa zima lilinyamaza kama lipo msibani. Kasoro ilikuwa moja tu: mwalimu wa zamu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yetu akisahihisha madaftari, naye akainuka kwenda dirishani kutazama nani kamwibia pikipiki.

Nikarudishwa nyumbani kutafakari mwenendo wangu.

Mama hakunipiga. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu anayekagua mzigo uliorudishwa na mteja, akasema, "Kesho unakuja sokoni. Utatafakari huku unapanga vifungo."

Mama huuza vifungo, zipu, nyuzi na sindano. Siku hizo kibanda chake kilikuwa kwenye Safu ya Ukutani, yaani vile vibanda vilivyoegemea ukuta wa nyuma wa soko, safu ya watu wa nguo: mafundi cherehani, mpiga pasi, na mzee mmoja anayetia viraka mabegi huku akiyasema vibaya mabegi yenyewe. Kibanda cha pili kutoka kwa mama kilikuwa cha Mama Pindo. Hakuwa na mtoto aitwaye Pindo, wala mtoto mwingine yeyote. Aliitwa hivyo kwa sababu mteja akimpelekea suruali, kabla ya salamu na kabla ya bei, yeye aliligeuza pindo na kuuliza, "Hili nani kakushonea? Adui yako?"

Sare zangu zote alizishona yeye. Utotoni mama alikuwa akiniacha chini ya meza ya cherehani yake, katikati ya vipande vya vitambaa, na kitu nilichokiona kwa karibu kuliko kitu kingine chochote duniani ni mguu wake wa kulia ukikanyaga kanyagio. Huko chini ndiko nilikogundua kwamba uzi ukikatika, mguu husimama, na mguu ukisimama, maneno nayo husimama. Mama Pindo alikuwa na kigugumizi, tena si cha mchezo. Lakini mguu ukiwa unakwenda, alizungumza kama maji ya bomba. Wateja hawakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta mguu umetulia. Hata akikaa mahali pengine, chini ya khanga mguu ulikuwa ukifanya kazi yake polepole.

Aliniambia mwenyewe. Nilikuwa darasa la tatu, nimegoma kwenda shule kwa sababu mwalimu alitaka nikariri shairi mbele ya wenzangu na miguu yangu ilikuwa imekataa. Nililia chini ya meza ile hadi nikalowesha kitambaa cha mtu. Mama Pindo akasimamisha cherehani makusudi, akainama, akasema, "U-u-una-na-na..." Akaachia hapo. Kisha akakanyaga. "Unaona? Mdomo wangu umekaa mguuni, mwanangu. Wako nao upo mahali, utafute. Ila hili la mguu ni letu sisi wawili na mama yako. Ukimwambia mtu, nitakushonea kaptula isiyo na mahali pa kupitisha miguu."

Hilo nilimwahidi.

Sasa, mwenyekiti wa soko alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja. Alikuwa mwenyekiti tangu sijaota jino la pili, na alivaa uenyekiti kama watu wanavyovaa koti la mvua: hata jua likiwaka hakulivua. Mwaka huo alikuja na mpango. Safu ya Ukutani ibomolewe, ukuta uvunjwe, pale pawe maegesho ya magari, ili wateja wenye magari waje. Watu wa safu waliuliza wao wataenda wapi. Mjomba akajibu kwamba jambo hilo litaangaliwa. Mzee wa mabegi akasema, "Mimi nimeangaliwa tangu nizaliwe. Sijawahi kuonekana."

Basi wakamsukuma Mama Pindo agombee. Mama yangu alikuwa wa kwanza kumsukuma, dhidi ya kaka yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo chakula cha jioni pale nyumbani kikaanza kuliwa bila habari za mjomba.

Mkutano wa kwanza wa wagombea nilihudhuria nikiwa na sanduku la vifungo mapajani. Mama Pindo aliomba meza na kiti, akisema magoti yanamsumbua. Meza ilifunikwa kitambaa hadi chini. Alipoanza, nikainamisha kichwa kuficha tabasamu, maana nilijua nini kinaendelea huko chini.

"Mwenyekiti anasema magari yatatuletea wateja," alisema. "Sawa. Wateja wakishashuka garini, watanunua nini? Maegesho?"

Watu wakacheka. Akaendelea. Alizungumza kwa mwendo mmoja, mshono ulionyooka, bila kupandisha sauti. Alieleza nani anafanya kazi pale ukutani na kwa miaka mingapi, na nani ana wagonjwa nyumbani. Alipomaliza, wauza nyanya walisimama kumpigia makofi, na wauza nyanya hawasimami ovyo, maana ukisimama unaibiwa.

Mjomba aliona. Jioni hiyo akaniita ofisini kwake.

Ofisi ya mwenyekiti ni chumba kimoja chenye dirisha la vioo vya kupangana, meza, birika la chai, na kile kipaza sauti cha kutangazia watoto waliopotea na magari yaliyoziba njia. Spika zake ziko juu ya nguzo, kila pembe ya soko. Mjomba alinimiminia chai mwenyewe. Sikuwahi kumiminiwa chai na mtu mwenye cheo. Shuleni wenye vyeo hunimiminia vingine.

"Mpwa," alisema, "nasikia wewe ni mtu wa utani. Hebu nichekeshe, nimechoka."

Nikamfanyia mwalimu wa zamu na pikipiki. Akacheka hadi akafuta macho. Nikamfanyia mkuu wa shule. Akapiga meza. Ndugu msomaji, mimi ni mtoto niliyelelewa na mama mmoja mwenye shughuli nyingi. Mtu mzima aliyeacha kazi zake kunisikiliza nilikuwa simfahamu bado.

Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na chai yake, "Huyu Mama Pindo ananishangaza. Nimeuliza huku na huku. Ushuru analipa. Ugomvi hana. Mume wake alikufa vizuri tu, kwa malaria. Lakini kila mtu ana kidonda, mpwa. Siasa ni kukitafuta kidonda, ukishakipata unakitonesha. Huna haja ya kumpiga mtu mahali pengine."

Ningeweza kunyamaza. Hakunitishia wala hakuniahidi kitu. Tatizo ni kwamba alikuwa amemaliza kucheka, na mimi nilitaka acheke tena.

"Mdomo wake umekaa mguuni," nikasema.

Nikamweleza yote, kwa mbwembwe. Nikamwonyesha mguu unavyokwenda, nikamwonyesha uzi unavyokatika. Mjomba hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Na wewe unaweza kuiga sauti ya cherehani?"

"Mjomba," nikamjibu kwa heshima ya cheo changu, "cherehani gani? Ya mkono, ya mguu, au ya umeme?"

Hapo akacheka.

Nilimuuliza kuhusu kibanda cha mama. Akasema, "Dada yangu? Damu yangu? Huyo nitamtafutia nafasi ndani, penye kivuli." Nikatosheka. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliketi pale na chai ya pili, nimejaa nguoni mwa watu.

Mkutano wa mwisho ulikuwa siku ya kura. Pale sokoni kura hazipigwi kwa karatasi. Wagombea wakimaliza kuzungumza wanasimama mbele, na kila mwenye kibanda anakwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Mimi nilikuwa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani, vioo vya dirisha vimelazwa kiasi cha kuchungulia, na kipaza sauti mkononi.

Mama Pindo akaketi kwenye meza yake, kitambaa hadi chini. Alikuwa amevaa gauni jipya, la kijani, ameshona mwenyewe. Akaanza vizuri.

Nilianza taratibu. Kazi yoyote ya kishetani ikifanywa vizuri huanza na heshima. Nilishika mwendo wake uleule, tak-tak-tak-tak, kwa sauti ndogo, na nikaongeza ule mlio mwembamba wa mkanda mkavu wa cherehani yake, *kwi*, kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Huo niliuweka kwa fahari ya fundi. Nani angethubutu kuiga cherehani bila mkanda? Mwanzoni watu walitazama spika, wakatazamana. Mjomba, aliyekaa jukwaani, akapunga mkono: hitilafu ya mitambo, tuendelee.

Mguu wake ulinikubali. Niliona kwa mabega yake, yalilegea. Alikuwa na wasiwasi wa siku kubwa, na sauti ile aliyoizoea ilimshika mkono. Akawa anazungumza juu ya mdundo wangu.

Nikaharakisha.

Maneno yake yakaharakisha. Nikaongeza kasi zaidi, akaanza kukanyagana na maneno yake mwenyewe, vibanda, watoto, ukuta, vibanda. Halafu nikakata, katikati ya neno.

Akabaki mdomo wazi.

Soko lina kelele tangu alfajiri hadi jioni, lakini wakati ule nilisikia bati likigongwa na upepo. "U-u-u," alisema Mama Pindo. Nikampa mishono miwili, tak, tak. Akarukia. "Ukuta u-" Nikakata. Nikampa mmoja. Nikanyamaza. Nikampa mitatu ya haraka isiyo na mpango.

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kushtuka. Kijana mbeba mizigo akainama, akainua pembe ya kitambaa cha meza. "Tazameni mguu!" akapiga kelele. "Jamani, mama anashona!" Mguu ulikuwa kweli unapiga ardhi, kiatu kimemvuka, unatafuta mdundo haupati. Ndipo kicheko kikaja kama mzigo uliokatika kamba. Nikaendelea, tak-tak, na watu wakaipokea kwa midomo, kisha kwa viganja, kila mmoja na mwendo wake, tak, taktak, tak, mpaka sikuhitajika tena. Nilizima kipaza sauti na mambo yakaenda yenyewe.

Mjomba akasimama, akainua mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa na huruma ambayo hata mimi nisingeweza kuiiga.

"Ndugu zangu, nawaomba. Tusimcheke mama yetu. Haya ni maradhi, ni mpango wa Mungu. Mimi binafsi naumia." Akangoja. "Swali langu ni moja tu, na naliuliza kwa upendo. Siku tukiitwa mbele ya wakubwa kulitetea soko letu, nani atatusemea?"

Mistari ikapangwa. Wa mjomba ulipita mabucha ukazunguka hadi kwenye bomba la maji. Nyuma ya Mama Pindo walisimama mzee wa mabegi, mpiga pasi na wanawake wachache. Wauza nyanya walikwenda kwa mjomba bila kuinua macho. Hata kwenye Safu ya Ukutani wako waliokwenda kwa mjomba, maana kushindwa kunaumiza lakini kuchekwa kunaumiza zaidi. Wa kwanza kabisa nyuma ya lile gauni la kijani alikuwa mama yangu, amemshika mabega, na alikuwa akitazama juu kwenye spika. Baadaye aliacha kutazama spika akatazama dirisha la ofisi. Nikavifunga vioo kabisa.

Ukuta ulivunjwa wiki iliyofuata. Nilitegemea angalau walie, wapigane, mzee wa mabegi alale mbele ya tingatinga. Walikuja tu na mikokoteni wakabeba vitu vyao. Mjomba alimpa mama nafasi ndani, penye kivuli, kama alivyosema. Mama akamwambia, "Asante, kaka. Mpe mwenye gari." Akahamishia vifungo nyumbani, chini ya kitanda, na tangu siku hiyo wanunuzi wa vifungo wamekuwa wawili, mmoja wao ni jirani anayeona aibu kupita bila kununua.

Magari hayakuja. Sisemi hivyo kwa kushangilia. Hayakuja tu.

Kuhusu Mama Pindo, nilisikia kwa watoto. Alipeleka cherehani nyumbani kwake, chumba cha mbele kinachotazama njia, akajaribu kufungua kazi pale. Kila alipokanyaga, watoto walikusanyika dirishani: tak-tak-tak. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa na mchezo mpya. Nilijaribu kuwafukuza siku moja, na kitoto kimoja kisicho na meno ya mbele kikaniambia, "Kaka, wewe hujui kufanya. Sikiliza mimi." Kikafanya. Kilikuwa kinafanya vizuri.

Siku ya kurudi shule ikakaribia, na suruali yangu ya sare ilikuwa fupi. Nilisema naweza kuivaa hivyohivyo, fasheni. Mama akasema, "Beba. Tunakwenda kwa Mama Pindo akushushie pindo."

"Fundi wapo wengi, mama."

"Nimesema beba."

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, mbali na dirisha. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka na juu ya shuka kumewekwa ndoo. Nilimwamkia. Alitikisa kichwa kuitikia. Akapokea suruali, akageuza pindo, akalitazama, na mimi nikangoja lile swali lake kuhusu adui. Hakuuliza. Akatoa sindano ya mkono akaanza kufumua.

Kwa mkono. Mtu aliyewahi kushona sare za darasa zima kwa siku mbili alikuwa anashona pindo langu kwa mkono, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekunjwa chini yake, umekaliwa.

Mama alizungumza kuhusu bei ya nyuzi. Alizungumza peke yake. Kisha, bila kubadili sauti, akasema, "Siku ile ya kura niliifunika hii mashine mwenyewe kibandani, nikafunga kufuli. Ufunguo ulikuwa hapa kifuani. Halafu nikaisikia inalia kwenye spika. Nikajiambia, cherehani zipo nyingi. Lakini huu mkanda unaolia *kwi* nimekaa nao tangu huyu hajajua kutembea. Mkanda wa namna hii uko mmoja tu."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba. Mtu wa cheo changu hakosi hotuba. Nilikuwa na kikohozi cha mkuu wa shule tayari kooni, na kauli kuhusu hitilafu za mitambo katika mazingira ya vumbi.

"Mama, kitaalamu, spika zile zina..."

"Redio," mama akasema. Hajawahi kuniita kwa jina hilo. Nyumbani nina jina langu.

Sindano ilikuwa imesimama. Mama Pindo alikuwa ananitazama, na sikuona mshangao usoni mwake hata chembe. Alikuwa amejua tangu mshono wa kwanza. Alijua huku mguu wake ukinikubali.

"Ni mimi," nikasema.

Mama alifumba macho. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa anaomba iwe mtu mwingine yeyote.

"Mjomba wako alikulazimisha," alisema. Haikuwa swali. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. "Alikutisha. Alikuahidi kitu. Wewe ni mtoto."

Mama Pindo akainua mkono kumnyamazisha. Alitaka kusema. Midomo yake ikajikaza, shingo ikasimama mishipa. "Kwa-kwa-kwa..." Mama akaanza kumsaidia, akakatazwa kwa kiganja. "Kwa n-n-n-n..." Nje watoto walikuwa wanakimbizana, na hakuna aliyekuwa anamcheka, na bado neno halikutoka. Tulingoja. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mguu aliokuwa ameukalia ulitikisika mara moja akaukandamiza chini kwa mkono, kama mtu anayemzuia mbwa.

"Kwa n-nini?"

Mlango wa mama ulikuwa bado wazi. Ningesema mjomba, na ingekuwa nusu ya kweli, na wote wawili wangenisamehe nusu.

"Hakunilazimisha," nikasema. "Hakuniahidi kitu. Alinisikiliza tu. Na kule ofisini, watu walipocheka... nilizima kipaza sauti, nikakaa chini. Nilikuwa nacheka, Mama Pindo. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nakuona kabisa kupitia dirishani, nakuona unatafuta kiatu, na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sijawahi kufurahi vile."